Mkaa mbadala usiomomonyoka wala kutoa moshi: mwongozo kamili kuanzia magunzi hadi gunia la kuuza

Wengi wanaojaribu kutengeneza mkaa mbadala, yaani vipande vya unga wa mkaa vilivyoshikanishwa kwa gundi, hukwama mahali pale pale. Vipande vinatoka vizuri kwenye mashine, vinakauka juani, kisha mteja anarudi na gunia lake. Mkaa umemomonyoka njiani, au umejaza moshi jikoni, au umewaka kidogo ukaacha rundo la majivu yenye rangi ya udongo. Mtengenezaji analaumu mashine, anakopa, ananunua kubwa zaidi, na gunia linarudi tena.

Kushikamana, moshi na majivu huamuliwa kwenye pipa, kwenye chekeche, kwenye sufuria ya uji wa gundi na kwenye kichanja. Mashine inatoa umbo tu. Ndiyo maana humu mashine inafika hatua ya sita, na ndiyo maana tunakusihi usinunue yoyote mpaka kilo 10 za kwanza ulizotengeneza kwa mkono zifaulu vipimo vya hatua ya nane.

Mwongozo huu unahusu mkaa wa mabaki ya mimea na chenga za mkaa. Briketi za makaa ya mawe, kama Rafiki Briquettes za STAMICO, Shirika la Madini la Taifa nchini Tanzania, ni bidhaa nyingine yenye malighafi yake, na vipimo vya humu havizihusu.

## Vitu vya kuandaa

Kwa kundi la majaribio la kilo 10 za unga wa mkaa:

- Magunzi makavu kilo 50, au vifuu vya nazi kilo 40, au chenga za mkaa kilo 12 hadi 15
- Unga wa muhogo uliochekechwa, gramu 600
- Maji lita 8
- Udongo wa mfinyanzi uliosagwa, gramu 500 (si lazima)

Vifaa:

- Pipa la chuma la lita 200 na bati nene la kulifunika
- Matofali 3 na ndoo 3 za mchanga au udongo mbichi
- Mti ulionyooka wenye unene wa sentimita 10, mrefu kuliko pipa
- Kinu na mchi, au gunia nene la kupondea
- Chekeche la matundu ya milimita 3
- Sufuria ya lita 10, mwiko, turubai na beleshi
- Mizani inayosoma gramu, saa na daftari
- Kichanja chenye wavu, kimo cha kiuno
- Barakoa, glovu nene, viatu vya kufunika mguu na ndoo 2 za maji

Pipa liwe lilibeba mafuta ya kula, asali au kitu kingine kisicho sumu. Lililobeba dawa za mashamba, rangi au kemikali za kiwandani liache lilipo, hata ukilipata bure. Pipa lililobeba petroli au mafuta ya taa linaweza kulipuka unapolikata, kwa sababu mvuke hubaki ndani hata likionekana kavu.

Kata mfuniko wa juu wote. Chini toboa matundu 5 ya upana wa sentimita 5, moja katikati na manne pembeni. Hewa itaingia humo wakati wa kuchoma, na matundu hayo ndiyo utakayoyaziba baadaye.

## Hatua ya 1: Kagua malighafi

Kosa la gharama kubwa hutokea hapa, kabla ya kuwasha kiberiti.

Magunzi ya mahindi ndiyo ya kuanzia. Yana nafasi kati yake, hewa inapita, na majivu yake ni machache. Yawe makavu kiasi kwamba ukivunja gunzi linakatika kwa mlio. Likipinda kabla ya kukatika, lina maji. Moto utatumika kuchemsha maji hayo badala ya kutengeneza mkaa.

Vifuu vya nazi hutoa mkaa mzito unaokaa motoni muda mrefu kuliko wa magunzi. Kwa walioko Pwani, Tanga, Lindi, Unguja, Kilifi au Kwale, hakuna malighafi bora zaidi. Ondoa makumbi yote, maana huungua haraka na kuacha majivu.

Chenga za mkaa kutoka kwa wauzaji wa magunia hazihitaji kuchomwa tena, kwa hiyo zinavutia. Tatizo lake ni mchanga, kwa kuwa hufagiliwa kutoka chini. Kabla ya kununua, weka konzi moja kwenye ndoo ya maji, koroga, subiri sekunde chache. Mchanga huzama papo hapo, vipande vya mkaa hubaki vinaelea. Ukiona safu ya mchanga inafunika sakafu ya ndoo, kataa mzigo huo au uoshe wote na kuuanika. Kila gramu ya mchanga utakayoiacha itakuwa gramu ya majivu jikoni kwa mteja.

Jua pia kwamba chenga zinatokana na mkaa wa miti. Kuzitumia kunaokoa kilichokuwa kinatupwa, na hilo ni jambo jema. Lakini usiandike kwenye mfuko kwamba mkaa wako haujagusa msitu.

Pumba za mpunga huwadanganya wengi kwa sababu ni nyingi na hazina bei. Pumba mbichi ina karibu asilimia 20 ya majivu. Ukiichoma, sehemu inayowaka hupungua lakini majivu hayapungui, hivyo mkaa wake unaweza kuwa na majivu asilimia 40 au zaidi. Isizidi robo ya mchanganyiko wako. Tena pumba na unga wa mbao havichomeki vizuri kwenye pipa hili, maana hushindiliana na kuzuia hewa. Viache mpaka uwe umeshaimudu njia ya magunzi.

Jambo moja la shambani: usikusanye kila kitu. Mabaki mengine ni chakula cha mifugo na mbolea ya udongo. Magunzi hayana thamani kubwa kwa ng'ombe, ndiyo sababu nyingine ya kuanza nayo.

## Hatua ya 2: Choma kwa pipa

Fanyia kazi hii nje, mbali na nyumba, nyasi na nguo za majirani. Upepo uwe mgongoni kwako.

1. Weka pipa juu ya matofali 3 ili hewa iingie kwa chini.
2. Simamisha mti katikati ya pipa, kisha jaza magunzi kuuzunguka bila kushindilia. Pipa moja hubeba kilo 30 hivi.
3. Chomoa mti taratibu. Shimo lililobaki ndilo dohani.
4. Dondosha nyasi kavu na vijiti ndani ya shimo, washa kwa chini.
5. Acha wazi juu, na angalia moshi.

Moshi ndio saa yako. Mwanzoni unakuwa mzito na mweupe: hayo ni maji yanatoka. Baadaye unageuka wa manjano, mkali machoni, na unaweza kushika moto wenyewe juu ya pipa. Ukishika, afadhali, kwa kuwa gesi inaungua badala ya kusambaa. Mwishoni unapungua, unakuwa mwepesi na wa samawati, na magunzi ya juu yanaanza kuwa mekundu pembeni. Huo ndio wakati wa kufunga.

Ukifunga pipa moshi ukiwa bado wa manjano, utapata vipande vya kahawia katikati, na vipande hivyo ndivyo vinavyojaza moshi jikoni kwa mteja wiki tatu baadaye. Ukichelewa, mkaa wenyewe unaanza kuungua na unaona weupe wa majivu ukienea. Kati ya makosa hayo mawili, la kuchelewa linakupunguzia kilo. La kuwahi linakuondolea wateja.

6. Vaa glovu. Funika juu kwa bati. Mwenzako asaidie kutoa matofali ili pipa likae chini.
7. Ziba ukingo wa chini na wa juu kwa mchanga au udongo mbichi. Zunguka pipa ukitafuta uzi wowote wa moshi, uzibe.
8. Acha mpaka kesho yake.

Usifungue kwa sababu pipa limepoa ukiligusa nje. Katikati panaweza kuwa na kaa moja jekundu, na hewa ikiingia shehena yote inashika upya. Ukifungua ukaona moto, funga tena. Kumwagia maji kutakupa mvuke wa kuunguza uso na mkaa uliolowa.

Mwaga mkaa mahali pa wazi, utandaze, uache saa 24 kabla ya kusaga au kufunga. Mkaa mpya hupata joto wenyewe unapokutana na hewa. Ukirundikwa ghalani siku hiyo hiyo unaweza kuwaka usiku.

Umefaulu ukiona: vipande vyeusi hadi katikati, vyepesi, vinavyokatika kwa mlio mkavu na visivyoacha utomvu vidoleni. Kilo 30 za magunzi zitakupa kilo 6 hadi 8. Chini ya kilo 5, ulichelewa kufunga au kuna tundu lililovuja.

Hesabu hiyo inakueleza pia mahali pa kuchomea. Kubeba kilo 30 za magunzi kutoka shambani hadi mjini ili upate kilo 7 ni kulipia gari libebe hewa. Peleka pipa shambani, rudi na mkaa.

## Hatua ya 3: Ponda na chekecha

Chagua kwanza vipande vya kahawia uvitupe pembeni, vitarudi kwenye pipa lijalo. Ponda vilivyobaki, chekecha kwa milimita 3, na yanayobaki juu ya chekeche rudisha kinuni.

Usilenge unga laini kama wa ngano. Punje za milimita 1 hadi 3 zikichanganyika na vumbi hufungana, vumbi likijaza nafasi kati ya punje. Vumbi tupu hunywa gundi nyingi, hukaza sana na kuzuia hewa motoni. Punje kubwa tupu huacha nyufa.

Vaa barakoa. Vumbi la mkaa huingia ndani kabisa ya mapafu na halitoki. Nyunyiza maji kidogo wakati wa kuponda, na usivute sigara wala kuwasha moto karibu, kwa sababu vumbi lililotanda hewani linaweza kushika moto ghafla.

## Hatua ya 4: Pika gundi

Tukiulizwa ni hatua gani inaharibiwa na wengi zaidi, ni hii. Watu humwaga unga wa muhogo mkavu kwenye mkaa, huongeza maji baridi, na hushangaa vipande vinaporudi kuwa vumbi. Wanga mbichi haushikamani na kitu. Lazima upikwe mpaka chembe zake zipasuke na kuwa ute.

1. Koroga gramu 600 za unga katika lita 1 ya maji baridi mpaka usione donge hata moja.
2. Chemsha lita 5 za maji kwenye sufuria. Yatokote kweli.
3. Mimina mchanganyiko wa unga polepole huku ukikoroga bila kusimama.
4. Punguza moto, endelea kukoroga dakika 5 hadi 10.

Umefaulu ukiona: uji umeacha weupe wa maziwa na kuwa wa kung'aa, unavutika ukiinua mwiko, na ukiusugua kati ya vidole viwili unanata. Uji mweupe bado ni mbichi. Wenye madonge utaacha sehemu za kipande bila gundi, na hapo ndipo kitakapokatikia.

Gramu 600 kwa kilo 10 ni asilimia 6. Unaweza kucheza kati ya asilimia 4 na 8: mkaa mgumu wa vifuu huridhika na 4 au 5, wa magunzi hutaka 6, wa chenga zenye vumbi jingi hutaka 7. Ukipita 8 unaanza kuunguza wanga, na wanga hutoa moshi na harufu ya mkate uliounguzwa. Mkaa usiposhika kwa asilimia 8, kosa liko kwingine: uji mbichi, punje kubwa, au maji.

Unga wa daraja la chini, uliotiwa rangi na ukaushaji mbaya, unafaa, mradi hauna mchanga. Hakuna sababu ya kununua unga wa ugali wa bei ghali.

Molasisi hutumika pale viwanda vya sukari vilipo karibu. Inashika vizuri lakini huleta moshi na harufu tamu kali, na mkaa wake hunyonya unyevu haraka. Kwa jiko la ndani, baki na muhogo.

Udongo wa mfinyanzi hupunguza kasi ya kuungua. Gramu 500 kwa kilo 10 zinatosha kwa mkaa mwepesi wa magunzi. Udongo hauwaki. Kila unachoongeza kinapunguza joto na kuongeza majivu, na anayeongeza ili gunia liwe zito anauza udongo kwa bei ya mkaa.

## Hatua ya 5: Changanya

Tandaza kilo 10 za unga wa mkaa kwenye turubai. Kama unatumia udongo, uchanganye ukiwa mkavu kwanza. Mimina theluthi mbili za uji ungali vuguvugu, pindua kwa beleshi, kisha ongeza uliobaki kidogo kidogo huku ukikanda kwa mikono yenye glovu.

Kanda dakika 15. Ukiona madoa ya kijivu makavu, gundi haijafika hapo. Funika turubai dakika 30 ili mkaa unywe maji, ukande tena kidogo.

Kipimo ni konzi lako. Kamua kwa nguvu:

- Likitawanyika ukifungua mkono, maji hayatoshi. Nyunyiza vijiko vichache vya maji ya moto.
- Maji yakichuruzika kati ya vidole, umezidisha. Ongeza unga wa mkaa, na usisahau gundi yake.
- Likibaki na alama za vidole, na ukilirusha juu kidogo na kulidaka halivunjiki, liko sawa.

Mkaa wa magunzi hunywa maji kuliko wa vifuu, kwa hiyo usifuate lita kwa upofu. Tumia mchanganyiko wote siku hiyo. Ukilala huchacha na gundi hupoteza nguvu.

## Hatua ya 6: Kandamiza

Kwa kilo 10 za kwanza, kipande cha bomba lenye upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 10, pamoja na mti unaoingia ndani yake bila kubana, vinatosha. Weka bomba juu ya ubao, jaza, shindilia kwa nguvu mara 5 au 6, sukuma kipande kitoke.

Mashine ya mkono ya kusagia nyama nayo inafaa: ondoa kisu na sahani ya matundu, pachika mdomo wa bomba la sentimita 3. Inatoa mkaa kama soseji, unaukata kila sentimita 6. Ukishaanza kuuza, karakana za SIDO (shirika la viwanda vidogo la Tanzania) na mafundi wa vyuma wa mjini hutengeneza mashine za skrubu za mkono na za mota.

Kipande kikichomoza na kupasuka kwa mapete kama ya mnyoo, mchanganyiko ni mkavu. Kikilegea na kuinama, umelowa. Usisubiri jua likurekebishie: rudisha kwenye turubai sasa hivi.

Unene usizidi sentimita 5 kwa kipande kisicho na tundu. Kinene zaidi hukauka nje na kubaki kibichi ndani. Ukitaka vinene, toboa tundu la sentimita 1 katikati. Litasaidia kukausha na litasaidia moto kupanda.

## Hatua ya 7: Kausha

Watu huanika moja kwa moja kwenye jua la saa sita mchana, juu ya saruji au mchanga. Upande wa juu hukauka na kusinyaa, wa chini umelowa, na kipande kinapasuka.

Saa 4 hadi 6 za kwanza anika kivulini penye upepo. Baada ya hapo peleka juani, juu ya kichanja ili hewa ipite chini. Panga safu moja, geuza mara mbili kwa siku. Jioni funika kwa turubai au ingiza ndani, kwa sababu umande wa usiku mmoja hurudisha kazi ya siku nzima.

Kwa jua zuri, kipande cha sentimita 5 hutaka siku 3 hadi 5. Mwambao wa bahari, hewa yenyewe ina maji, ongeza siku 2. Wakati wa masika jenga kibanda cha nailoni nzito chenye matundu chini na juu, hewa moto itoke na unyevu. Kibanda kisicho na tundu la juu hutoa jasho, na mkaa huota ukungu mweupe ndani ya siku chache.

Usikisie ukavu kwa macho. Chagua vipande 10, vipime pamoja kila siku saa 10 jioni, andika. Siku mbili mfululizo zikitoa uzito ule ule, mkaa umekauka. Kisha vunja kimoja: rangi ya katikati ifanane na ya nje. Ukigonganisha viwili, visikike kama vigae, visitoe mlio bubu wa tope.

## Hatua ya 8: Pima kabla ya kuuza

Fanya vipimo vitatu kwa kila kundi, uviandike.

Kudondosha. Weka kilo 1 kwenye mfuko, udondoshe kutoka kimo cha mita 1 juu ya saruji mara 3. Toa vumbi na vipande vidogo. Vilivyobaki vizima viwe angalau gramu 900. Huo ndio mtikisiko wa bodaboda na kuli kwa kipimo chako.

Kuchemsha. Tumia jiko moja, sufuria moja yenye mfuniko, maji lita 2. Siku ya kwanza choma gramu 500 za mkaa wa kawaida, ya pili gramu 500 za wako. Andika dakika za kuchemka, na muda maji yanaendelea kutokota. Wako utachelewa kidogo kuchemsha, lakini utokoteshe muda mrefu zaidi. Ukichelewa mara mbili ya mkaa wa kawaida, una majivu mengi au umekandamizwa kupita kiasi.

Majivu. Moto ukiisha kabisa na jiko limepoa, pima majivu. Gramu 500 zikiacha gramu 50, hiyo ni asilimia 10, nzuri. Hadi 15 inauzika. Zaidi ya 25, rudi hatua ya 1: una mchanga, una udongo mwingi, au pumba zimezidi.

## Mkaa ukikataa

Unatoa moshi dakika 10 za mwanzo kisha unaacha: haujakauka. Unatoa moshi mpaka mwisho: kuna vipande visivyoiva kwenye pipa, au gundi imezidi.

Unashika moto nje kisha unazimika: umekandamizwa sana, au mteja anatumia jiko lisilopitisha hewa. Jaribu kipande chenye tundu.

Unapasuka na kurusha cheche: umefungiwa maji ndani, mara nyingi kwa sababu ya jua kali la siku ya kwanza.

Ulikuwa mgumu, sasa unamomonyoka ghalani: umenyonya unyevu wa sakafu. Panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

## Mfundishe mteja kuwasha

Mkaa huu ni mzito, hauwaki kwa kupepea mara mbili. Weka karatasi ya maelekezo ndani ya kila mfuko: vipande 3 au 4 vya mkaa wa kawaida au vijiti chini, mkaa mbadala juu ukiwa umeachana, jiko lisijazwe. Subiri utando mweupe uenee. Usichokoe, maana ukiuvunja moto unaisha haraka. Usimwagie mafuta ya taa.

Kwa herufi kubwa kuliko zote andika: USITUMIE NDANI YA CHUMBA KILICHOFUNGWA, USILALE NA JIKO. Mkaa wowote, hata usio na moshi, hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua mtu usingizini. Ukimwambia mteja kwamba usio na moshi ni salama, anaweza kuuingiza chumbani kwa sababu yako.

## Bei, na kuuza kwa shule

Uza kwa kilo. Debe au sado la mkaa mbadala lina uzito mkubwa kuliko sado la mkaa wa kawaida, kwa hiyo ukishindana kwa sado unagawa bure.

Kupata gharama, chukua kundi la kilo 100 za unga wa mkaa. Jumlisha: magunzi na usafiri, kilo 6 za unga wa muhogo, maji, siku za kazi za kila mtu pamoja na wewe, mifuko, na asilimia ya vilivyovunjika. Gawa kwa kilo zilizofaulu vipimo, usigawe kwa zilizotoka kwenye mashine. Wengi hujisahau wenyewe katika hesabu ya siku za kazi, kisha hushangaa mauzo yanapanda na mfuko haujai.

Soko la taasisi limefunguliwa na sera za serikali. Tanzania iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, zikapewa hadi Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Wakuu wa shule wanatafuta mbadala, na gesi si kila mahali inafika au inamudika.

Usiende na sampuli tu. Omba siku moja ya jikoni. Pima kuni wanazotumia kupika maharage ya siku hiyo, kisha pika sufuria ile ile kwa mkaa wako mbele ya mpishi. Majiko mengi ya shule yalijengwa kwa kuni, hayana wavu wa chini, na mkaa wako utazimika humo hata ukiwa bora. Peleka fundi akaweke wavu, au weka gharama ya jiko ndani ya mkataba.

Kabla ya kusaini, hesabu ghala. Shule ikitaka kilo 60 kwa siku 5 za wiki, hiyo ni kilo 300, sawa na zaidi ya kilo 1,200 za magunzi kila wiki, na magunzi hupatikana kwa wingi baada ya mavuno tu. Yanunue msimu huo, uyachome mapema, uhifadhi unga wa mkaa ukiwa mkavu chini ya paa. Gundi na kukandamiza unaweza kufanya mwezi wowote.